Tyubu, boksi, tairi, zege au baiskeli ya stendi: mkimbiaji wa Kigoma atengeneze nini kwanza?

Mkimbiaji mwenye hela ya kutengeneza kifaa kimoja tu hupata ushauri wa kila namna. Mmoja humwambia avute tairi, mwingine amimine zege kwenye ndoo, na fundi wa kuchomelea hujitolea kumtengenezea stendi ya baiskeli. Vyote hivyo vinatengenezeka kwa vitu vinavyopatikana sokoni na kwenye gereji za Mwanga au Ujiji. Tatizo ni kwamba havifanyi kazi moja. Ukichagua kile kinachoonekana kigumu kuliko vingine, unaweza kujikuta na kifaa kinachochosha pale pale ambapo mbio zimekwisha kukuchosha.

Tumelinganisha vitano. Cha sita, yaani kukimbia ndani ya maji ukiwa umejifunga dumu kiunoni, tumekiacha makusudi, ingawa Ziwa Tanganyika liko mlangoni. Dumu huteleza likapanda kifuani, na si kifaa cha kuokolea maisha. Isitoshe, sehemu za ufukwe zina mamba, na maji yaliyotulia yenye majani na konokono ni ya kichocho.

Tunapima kwa nini

Kigezo cha kwanza, na ndicho kinachobeba uzito kuliko vingine, ni pengo. Mbio hukupa pumzi na uvumilivu wa kurudia hatua ile ile maelfu ya mara. Hazikupi sana nguvu ya nyonga kwa upande, hazikufundishi kuushusha mwili polepole kwa mguu mmoja, na hazikupi siku ya kutoa jasho bila vishindo. Mahali unapoishi nako kunabadilisha pengo. Anayepanda Barabara ya Lumumba kutoka stesheni hadi Mwanga mara mbili tatu kwa wiki anapata nguvu ya kupandia kwa miguu yake mwenyewe. Anayekimbia tambarare za Tabora hana kilima cha namna hiyo, kwa hiyo hesabu yake ni nyingine.

Baada ya pengo tunaangalia kishindo kwenye magoti, muundi na kano ya kisigino. Vifaa na ufundi unaohitajika. Mahali pa kuweka, kwa kuwa huku mvua ni ya miezi mingi na mchwa hawachagui. Kisha kifaa kinaharibikia wapi na kwa nini.

1. Mikanda ya tyubu

*Kazi yake.* Huamsha misuli ya nyonga na makalio inayozuia goti lisiingie ndani kila unapokanyaga. Kwa pumzi haina msaada.

*Kishindo.* Hakuna.

*Vifaa na ufundi.* Tyubu moja kuukuu ya baiskeli ya inchi 28. Ikate pande zote mbili za valvu, uitupe valvu, utabaki na mpira wa karibu mita 2. Kata kipande cha sentimita 80, funga ncha mara mbili na uache mkia wa sentimita 10 kila upande, kisha ikaze mikia hiyo kwa uzi mwembamba wa tyubu. Hapo una duara la sentimita 60 la kuvaa juu ya magoti na kutembea kiubavu, hatua 12 kulia na 12 kushoto, mara 3. Kipande kirefu kilichobaki kifunge kwenye nguzo usawa wa kifundo cha mguu, uvute mguu mbele, nyuma na pembeni. Tyubu ya pikipiki ni nene zaidi. Anza na ya baiskeli.

*Pa kuweka.* Mfukoni. Iweke mbali na jua na mafuta ya aina yoyote, mawese yakiwemo, kwa sababu mafuta hulainisha mpira na jua huukausha.

*Inapoharibikia.* Hukatika kwenye ukingo uliokatwa vibaya. Kisu huacha vijino vidogo, na kila kijino ni mwanzo wa mpasuko. Tumia mkasi mkali na ukate kwa mkupuo mmoja. Kila wiki ivute hadi mara mbili ya urefu wake huku umegeuza uso pembeni. Ukiona nyufa nyeupe, itupe. Usiivute kamwe kuelekea machoni.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, anayesafiri, anayetoka kwenye maumivu ya goti. Haimtoshi mkimbiaji aliyekwisha kupata nguvu, kwa sababu mpira hauna kilo unazoweza kuongeza kwa hesabu.

2. Boksi la kupandia

*Kazi yake.* Nguvu ya mguu mmoja mmoja, na hasa kuushusha mwili taratibu. Wanaokimbia milimani wasilidharau hilo: kupanda huchosha mapafu, lakini kuteremka ndiko kunakopasua misuli ya mbele ya paja, na boksi linaizoesha kazi hiyo. Ukipanda na kushuka mfululizo kwa dakika 20 linakupa na pumzi.

*Kishindo.* Kidogo ukishuka kwa kuuweka mguu, kikubwa ukiruka. Ukiwa na muundi unaouma, usiruke.

*Vifaa na ufundi.* Boksi zuri lina vipimo vitatu tofauti, ili ukiligeuza upate kimo kingine: sentimita 30, 40 na 50. Kwa plaiwudi ya milimita 18, kata vipande hivi:

- 2 vya sentimita 50 kwa 40 (mbavu pana)
- 2 vya sentimita 50 kwa 26.4 (mbavu nyembamba, zinakaa katikati ya zile pana)
- 2 vya sentimita 36.4 kwa 26.4 (vifuniko, vinaingia ndani)

Vipimo hivyo vya nukta si vya mapambo. Vimetoa unene wa plaiwudi pande mbili, na fundi asipoutoa boksi halifungi. Ndani weka mataruma ya mbao ya mbili kwa mbili kwenye kona zote nne, na ubao mmoja wa kukingama katikati. Paka gundi ya mbao, kisha funga skrubu za inchi 2 kila baada ya sentimita 10, ukitoboa kwanza kwa drili ili plaiwudi isipasuke. Bodi moja ya futi 4 kwa 8 inatosha maboksi mawili, kwa hiyo wawili wakichangiana gharama inashuka. Mbao za paini nazo zinafaa. Mninga ni mgumu na hudumu, lakini boksi lake ni zito kugeuza na bei yake ni ya kutengenezea kitanda.

Kimo sahihi kinajulikana kwa paja: ukiweka mguu juu ya boksi, goti lisipande juu ya nyonga. Wengi huanzia sentimita 30. Panda mara 8 kila mguu, ukihesabu hadi 3 wakati wa kushuka, mara 3. Ukingo wa boksi hilo hilo unatumika kushusha na kuinua visigino kwa ajili ya vigimbi na kano.

*Pa kuweka.* Ndani, juu ya mawe mawili au matofali. Mchwa hawana haraka, lakini boksi lililoachwa sakafuni kwenye banda la udongo huliwa kuanzia chini bila wewe kuona. Oili chafu ikipakwa upande mmoja huwachelewesha, ila upande huo usiukanyage tena, maana unateleza.

*Linapoharibikia.* Misumari. Kila unapopanda, boksi linayumba kidogo, na myumbo huo unaing'oa misumari taratibu hadi siku linapofunguka chini ya mguu. Ndiyo maana tunasisitiza skrubu na gundi. Kosa la pili ni kupaka rangi laini. Nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa wakati rangi ya mwisho bado mbichi, soli zishike. Lainisha kona kwa msasa, la sivyo muundi wako utazikumbuka.

*Linamfaa nani.* Karibu kila mkimbiaji asiye na jeraha, hasa anayejiandaa kwa njia za vilima. Aliye na goti linalouma mbele aanze na ngazi ya sentimita 15 kabla ya boksi.

3. Tairi la kuvuta

*Kazi yake.* Kusukuma ardhi kwa nguvu kuelekea nyuma, yaani makalio, nyuma ya paja na vigimbi. Ni kilima cha kutengeneza.

*Kishindo.* Kidogo kuliko mbio za kasi, kwa kuwa mwendo ni mdogo. Lakini kano ya kisigino inavutwa sana, na anayeumwa hapo aliache.

*Vifaa na ufundi.* Tairi la gari dogo, inchi 13 au 14, lina uzito wa kilo 7 hadi 10 hivi na linatosha. La Land Cruiser ni la baadaye. Zungusha kamba kwenye tairi ukiipitisha tunduni, ufunge. Kutoboa tairi ili uweke bolti si lazima: matairi mengi yana nyaya ndani, na ncha za waya zikitokeza hukata mikono na kamba. Kamba iwe mita 3 hadi 4. Ikiwa fupi inaliinua tairi upande wa mbele, linaanza kurukaruka na kukugonga visigino. Mkanda wa kiunoni shonesha kwa fundi viatu kutokana na mkanda wa kiti cha gari, ukunje mara mbili, na uvaliwe kwenye nyonga. Ukivuta kwa mabega mgongo unakunjika na mwendo unaharibika.

Anza kwa kutembea nalo dakika 10. Wiki ya tatu kimbia mita 60, rudi kwa kutembea, mara 6. Siku moja kwa wiki inatosha. Uzito wake unategemea ardhi kuliko kilo: tairi hilo hilo ni gumu zaidi juu ya lami kavu kuliko juu ya nyasi zilizolowa. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha wiki na wiki, tumia mahali pale pale.

*Pa kuweka.* Lining'inize chini ya paa. Tairi lililolala uani wakati wa masika hujaa maji na kuzalisha mbu. Ukishindwa kulining'iniza, toboa matundu manne upande mmoja, ulaze upande huo chini, na uyakague.

*Linapoharibikia.* Kamba hukatika inapogusa ardhi. Ipitishe ndani ya kipande cha bomba la maji. Hatari kubwa zaidi si ya kifaa: usivute tairi barabarani. Bodaboda anaona mkimbiaji, haoni kamba ya mita 4. Na kiangazi vumbi la tairi huingia kwa anayekufuata.

*Linamfaa nani.* Mkimbiaji wa tambarare, wa Tabora au wa upande wa chini wa Ujiji, na anayetaka kasi ya mita 400 hadi 1500. Anayeishi Mwanga au Bangwe ajiulize kwanza kama hajalipata zoezi hili bure kila anaporudi nyumbani.

4. Vyuma vya zege na madumu ya mchanga

*Kazi yake.* Nguvu nzito: kuchuchumaa, kuinua kutoka chini, kubeba. Hiki ndicho kifaa pekee hapa ambacho uzito wake unajulikana kwa kilo.

*Kishindo.* Hakuna, ila mgongo unadai nidhamu.

*Vifaa na ufundi.* Lita moja ya zege ni karibu kilo 2.4, hivyo makopo mawili ya rangi ya lita 4 yanakupa kilo 19. Ukiongeza bomba la inchi moja lenye urefu wa mita 1.5, jumla inafika kilo 22 au 23. Kwa makopo hayo mawili changanya lita 2 za saruji, lita 4 za mchanga na lita 6 za kokoto ndogo, pamoja na maji lita moja na nusu hivi. Ukavu mwanzoni usikutishe: maji mengi hurahisisha kumimina lakini hudhoofisha zege. Mchanga wa ziwani hauna chumvi, kwani maji ya Tanganyika ni baridi, lakini mara nyingi ni laini mno na una matope. Uoshe hadi maji yatoke safi.

Kabla ya kumimina, toboa bomba karibu na kila ncha na upitishe vipande viwili vya nondo ya milimita 8, urefu wa sentimita 12, vikiwa msalaba. Bila hivyo zege litaanza kuzunguka kwenye bomba baada ya miezi michache. Mimina upande mmoja, simamisha bomba wima kwa kamba tatu na ulipime kwa timazi. Siku ya tatu geuza, umimine wa pili. Mwagilia kwa siku 7. Zege hufikia nguvu yake kamili baada ya siku 28, na anayebeba siku ya tano hupata ufa kwenye shingo ya bomba.

Njia nyepesi ni madumu. Dumu la lita 5 lililojaa mchanga mkavu ni kilo 8. La lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Beba mawili mkononi, tembea mita 40, pumzika, mara 5. Dumu la mawese lioshe kwa maji moto na sabuni hadi mkono usiteleze.

*Pa kuweka.* Zege halijali mvua. Bomba lipake rangi ya kuzuia kutu. Ukitumia mfuko wa sandarusi wenye mchanga badala ya dumu, uvalishe turubai, kwa kuwa jua huuchana ndani ya msimu mmoja.

*Vinapoharibikia.* Uzito usiolingana. Kopo moja likizidi jingine kwa kilo moja tu, mwili unapinda bila wewe kujua. Pima zege la kila kopo kwa mzani wa dukani kabla ya kulimimina. Na chuma cha zege hakiongezeki. Ukikizoea, lazima umimine kingine, wakati dumu unaliongeza kikombe kwa kikombe.

*Vinamfaa nani.* Mwenye zaidi ya miaka 40 anayeona nguvu zikipungua, na kundi la wakimbiaji wanaofanya mazoezi uwanja mmoja. Anayefanya peke yake, bila mtu wa kumwangalia mgongo, aanze na madumu.

5. Baiskeli ya stendi

*Kazi yake.* Pumzi bila kukimbia. Dakika 40 hapa zinafanyisha moyo kazi siku ambayo miguu haitakiwi kupigwa.

*Kishindo.* Hakuna. Kwa hili haina mpinzani kati ya vitano.

*Vifaa na ufundi.* Ni kazi ya fundi wa kuchomelea. Tafuta fremu kuukuu ya Phoenix au nyingine ya aina hiyo, pedeli na cheni zikiwa nzima. Ringi ya mbele si muhimu. Stendi ni ya chuma cha engo, ikishika ekseli ya nyuma pande zote mbili kwa nati, ringi ikiwa sentimita 5 juu ya sakafu. Kitako kiwe na upana wa sentimita 60 angalau, urefu 70. Upande wa mbele uinue hadi ncha za uma wa mbele ziwe usawa wa ekseli ya nyuma, la sivyo utakuwa ukiteremka muda wote.

Ugumu unatoka kwenye msuguano. Ondoa tairi la nyuma na tyubu. Saga ncha za spoku zilizotokeza. Chukua mkanda wa turubai la pamba au ngozi wenye upana wa sentimita 2.5, ufunge mbele kwenye stendi, upite chini ya ringi ndani ya mfereji wake, upande nyuma hadi kwenye keria ukishikwa na springi. Ukipiga pedeli, sehemu ya chini ya ringi inakimbilia nyuma na kuuvuta mkanda kutoka mbele. Ndiyo maana mbele ndiko kunakofungwa imara. Ukigeuza, springi ndiyo itakayovutwa, na mkanda utakuwa unashika na kuachia kwa mishtuko. Mkanda wa nailoni usiutumie: msuguano unazalisha joto, nao unayeyuka.

Kiti kiweke hivi: kisigino kikiwa juu ya pedeli ya chini, mguu unyooke, ukirudisha vidole, goti linabaki limekunjika kidogo.

*Pa kuweka.* Barazani penye upepo. Ndani ya chumba cha bati saa nane mchana utaacha kwa joto kabla ya miguu kuchoka.

*Inapoharibikia.* Mkanda unaungua ukikazwa sana tangu mwanzo. Legeza, piga pedeli dakika 5, kaza kidogo kidogo. Nati za ekseli hulegea kwa mtikisiko, zikague kila mara. Usiguse ringi ukimaliza, na watoto wasiweke vidole kwenye cheni.

*Inamfaa nani.* Aliyeumia muundi au kano na asiyetaka kupoteza pumzi, mkimbiaji mzito anayeanza, na yeyote ambaye mvua za kuanzia Novemba humfungia ndani. Ndiyo ghali kuliko zote, na kwa nguvu za miguu inaachwa mbali na boksi.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Umeumia na daktari amekukataza kukimbia kwa wiki kadhaa: baiskeli ya stendi, kama naye ameikubali. Tyubu uliyoiondoa kwenye ringi ndiyo unayokatia mikanda, kwa hiyo gharama moja inakupa vifaa viwili.

Unakimbia milima ya Kigoma na mapaja yanakufa ukiteremka: boksi, kwa siku mbili za wiki zisizofuatana. Tairi liache.

Unakimbia Tabora na kila ukienda mashindano yenye kilima unaachwa: tairi mara moja kwa wiki, na boksi baadaye.

Magoti yanaingia ndani ukichoka, au nyonga inauma upande mmoja: mikanda ya tyubu kwa wiki sita, kisha boksi la kimo kifupi.

Mko kundi na mna uwanja: changeni mfuko mmoja wa saruji na mabomba matatu, mmimine uzito tofauti tofauti, na mmoja wenu apewe kazi ya kuangalia migongo ya wengine.

Huna hela kabisa mwezi huu: madumu mawili yaliyopo nyumbani na tyubu ya kuomba kwa fundi baiskeli. Anza na maji lita 5 kila dumu, uongeze lita moja kila wiki mradi mabega hayapandi masikioni unapotembea.